Hitilafu za skrini za LCD: Jinsi ya kuzitambua kabla ya kugharimika

MTU anapowasha runinga akasikia sauti bila kuona picha, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba kioo kimeharibika. Akikutana na fundi asiye mwaminifu, wazo hilo huthibitishwa papo hapo. Huambiwa alipe pesa zinazokaribia bei ya runinga mpya, au aiuze ile aliyo nayo kwa bei ya kutupa ili itolewe vipuri.

Ilhali mara nyingi kioo huwa kizima. Kilichokufa ni taa ndogo zilizo nyuma yake, ambazo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kioo.

Skrini za LCD zimeenea katika nyumba, maduka, shule na afisi nyingi nchini, hasa tangu matangazo ya analojia yalipozimwa mwaka wa 2015 na familia nyingi kuanza kuziacha runinga za zamani zenye kisogo kikubwa. Hata hivyo, watumizi wachache wanafahamu jinsi skrini hizi zinavyofanya kazi, na ujinga huo ndio huwagharimu.

Makala haya yanaeleza hitilafu zinazotokea mara kwa mara, namna ya kuzipambanua bila kufungua kifaa, zile ambazo mtumizi anaweza kuzitatua mwenyewe, zile zinazohitaji fundi, na zile ambazo haifai kuzigharimia hata kidogo.

JINSI SKRINI INAVYOFANYA KAZI

LCD ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kionyeshi cha fuwele kiowevu. Fuwele kiowevu ni dutu inayotiririka kama kiowevu, lakini ambayo molekuli zake hujipanga kwa utaratibu mithili ya zile za fuwele. Dutu ya aina hiyo ilichunguzwa mwaka wa 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria. Ilikuwa hadi mwaka wa 1968 ambapo kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha hadharani skrini zilizotumia dutu hiyo, kazi iliyofanywa na kundi lililoongozwa na George Heilmeier.

Jambo muhimu zaidi kwa mtumizi ni hili: fuwele kiowevu haitoi mwanga. Kazi yake ni kama ya pazia. Inapopata umeme, hugeuka na kuruhusu au kuzuia mwanga unaotoka nyuma. Kwa hivyo, skrini ya LCD ina sehemu kuu nne zinazoweza kuharibika kila moja kivyake.

Ya kwanza ni bodi ya umeme, ambayo hupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuugawa katika viwango vidogo. Ya pili ni bodi kuu, ambayo hupokea picha kutoka kwa king'amuzi, antena au tarakilishi. Ya tatu ni taa za nyuma. Ya nne ni kioo chenyewe, ambacho mafundi hukiita paneli, pamoja na bodi ndogo inayokiamuru na tepe nyembamba za waya zinazokiunganisha.

Katika skrini nyingi zilizotengenezwa miaka ya 2000, taa za nyuma zilikuwa mirija myembamba ya floresenti. Baadaye mirija hiyo ilibadilishwa na taa ndogo za LED. Runinga ambazo wauzaji huziita za LED kwa hakika ni za LCD pia. Tofauti yake ni aina ya taa tu. Skrini za OLED ndizo zilizo tofauti kabisa, kwa kuwa kila nukta yake hujiangazia, na baadhi ya maelezo yanayofuata hayazihusu.

TAHADHARI YA KWANZA

Uchunguzi mwingi unaoelezwa hapa hufanywa bila kufungua kifaa, na kuna sababu. Ndani ya bodi ya umeme mna vihifadhi umeme vinavyoitwa kapasita. Kapasita kubwa katika bodi hiyo huweza kubeba zaidi ya volti 300, na huweza kubaki na umeme huo kwa muda hata baada ya plagi kung'olewa. Skrini za zamani zenye mirija ya floresenti nazo zina sehemu inayozalisha volti mia kadhaa na hata kupita elfu moja ili kuiwasha mirija hiyo.

Umeme wa kiwango hicho unaweza kuua. Asiye na mafunzo na asifungue kifuniko cha nyuma, hata kama video alizotazama zinaonyesha kazi hiyo kuwa rahisi.

VIPIMO VITATU VYA KUANZIA

Kabla ya kumwita fundi, kuna vipimo vitatu ambavyo havimgharimu mtumizi chochote.

Kipimo cha kwanza ni cha tochi. Runinga iwashwe gizani, kisha tochi ya simu isogezwe karibu na kioo na kuelekezwa kwa mshazari. Ikiwa picha hafifu au maandishi ya menyu yanaonekana yakisogea, basi kioo na bodi kuu vinafanya kazi. Tatizo liko katika taa za nyuma au umeme unaozilisha.

Kipimo cha pili ni cha menyu. Picha ikiwa na mistari, rangi mbaya au mitetemo, mtumizi na abonyeze kitufe cha menyu kwenye rimoti ya runinga, si ya king'amuzi. Menyu hutengenezwa ndani ya runinga yenyewe. Ikionekana safi ilhali picha nyuma yake ina kasoro, basi kasoro inatoka nje: king'amuzi, kebo au antena. Menyu nayo ikiwa na mistari ileile, kasoro imo ndani ya runinga.

Kipimo cha tatu ni cha kubadilisha. Kebo inayoshukiwa ibadilishwe na nyingine, king'amuzi kihamishiwe runinga nyingine, au kipakatalishi kiunganishwe na skrini ya nje. Kifaa kimoja tu kibadilishwe kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hawezi kujua kipi kilikuwa kibovu.

SKRINI ISIYOWAKA KABISA

Skrini isipoonyesha dalili yoyote ya uhai, hata kile kitaa kidogo cha mbele, uchunguzi uanzie ukutani. Soketi ijaribiwe kwa kifaa kingine, kama vile chaja ya simu. Waya wa umeme uangaliwe iwapo umekatika au kulegea pale unapoingia nyuma ya skrini. Skrini nyingi za tarakilishi hutumia adapta ya nje, na adapta hizo huharibika mara nyingi kuliko skrini zenyewe.

Kitaa cha mbele kikiwaka lakini runinga ikatae kuitikia rimoti, mtumizi na abonyeze kitufe kilicho kwenye runinga yenyewe. Huenda betri za rimoti ndizo zimeisha.

Iwapo bado hakuna badiliko, kifaa king'olewe kwenye umeme, kitufe cha kuwasha kibonyezwe na kushikiliwa kwa takriban sekunde 30, kisha kiachwe kwa dakika chache kabla ya kurudishwa. Hatua hii huondoa umeme uliosalia na kuilazimu bodi kuu kuanza upya. Runinga nyingi zilizoganda baada ya umeme kupotea na kurudi ghafla hufufuka kwa njia hii.

Kitaa kikiwaka na kuzima kwa mpigo maalumu, mathalani mara tano kisha kutulia, mtumizi na ahesabu. Watengenezaji wengi hutumia idadi ya mipigo hiyo kutaja sehemu iliyoharibika, na fundi mwenye ujuzi ataihitaji habari hiyo.

Kifaa kinachochukua muda mrefu kuwaka, au kinachojizima na kujiwasha chenyewe, mara nyingi huwa na kapasita zilizochoka katika bodi ya umeme. Fundi akiifungua, kapasita mbovu huonekana zikiwa zimevimba juu au kuvuja. Kuzibadilisha ni kazi ndogo ya kulehemu na bei yake ni nafuu. Fundi anayependekeza bodi nzima ibadilishwe bila kueleza sababu anafaa kuulizwa.

SAUTI IPO, PICHA HAKUNA

Hii ndiyo hitilafu inayowahasirisha watu wengi zaidi. Dalili zake ni sauti safi, kioo cheusi, na wakati mwingine picha inayomulika kwa sekunde moja au mbili kisha kutoweka. Kipimo cha tochi kikionyesha picha hafifu, jibu limepatikana.

Katika runinga za LED, taa za nyuma hupangwa kwa mistari juu ya vipande vyembamba. Katika mpangilio ulio wa kawaida, umeme hupita taa moja hadi nyingine kama shanga katika uzi mmoja. Taa moja ikikatika, mstari mzima huzimika. Isitoshe, runinga nyingi zina ulinzi ambao huzima taa zote mara tu unapotambua kwamba mstari mmoja hauna umeme wa kawaida. Ndiyo maana picha humulika kisha kutoweka.

Urekebishaji wake unawezekana, ila unahitaji mikono makini, kwa kuwa lazima kioo kiinuliwe ndipo taa zifikiwe. Vioo vingi huvunjika katika hatua hiyo, hasa vya runinga kubwa. Kabla ya kazi kuanza, mwenye runinga anafaa kuelewana na fundi ni nani atakayewajibika kioo kikipasuka.

Ni busara vilevile kubadilisha vipande vyote vya taa badala ya ile taa moja iliyokufa. Taa zilizosalia zimetumika kwa muda sawa, na huenda nyingine ikazimika baada ya majuma machache. Baada ya kazi, mwangaza wa nyuma upunguzwe katika menyu hadi karibu nusu. Taa huchakazwa na joto, na runinga nyingi huwa zimewekwa mwangaza wa juu kupita mahitaji ya chumba cha kawaida.

Kwa skrini za zamani zenye mirija, dalili za uchakavu ni picha yenye wekundu wakati wa kuwasha, mwangaza unaofifia, kisha giza.

MADOA MEUPE NA MAENEO YENYE GIZA

Baadhi ya runinga huanza kuonyesha vidoa vyeupe vya mviringo vinavyong'aa, ambavyo hubaki mahali pamoja hata picha ikibadilika. Kila taa ya LED hufunikwa na lenzi ndogo ya plastiki inayotawanya mwanga. Gundi inapochoka kwa sababu ya joto, lenzi hudondoka na mwanga hutoka ukiwa umekusanyika mahali pamoja. Kioo hakina kosa lolote. Fundi hurudisha lenzi kwa gundi inayofaa, ingawa kazi ya kuinua kioo ina hatari ileile iliyotajwa.

Sehemu ya skrini ikiwa na giza huku nyingine iking'aa, mstari mmoja wa taa umezimika katika runinga isiyokuwa na ulinzi uliotajwa. Mwanga unaovuja pembeni, unaoonekana tu picha ikiwa nyeusi, ni jambo la kawaida katika skrini za LCD na si ugonjwa.

UJUMBE WA KUTOKUWEPO MAWIMBI

Skrini inapoandika kwamba hakuna mawimbi, maana yake ni kwamba skrini ni nzima na inangoja picha. Mtumizi na ahakikishe kwamba amechagua mlango unaolingana na ule ambako kebo imechomekwa. Runinga zenye milango miwili au mitatu ya HDMI huwachanganya wengi, hasa baada ya mtoto kuchezea rimoti.

Ncha za kebo zitolewe na kuchomekwa upya kwa uthabiti. Kebo hafifu za bei ya chini huweza kuleta picha inayopotea kwa sekunde chache na kurudi, hasa pale picha ni ya ubora wa juu.

Kwa tarakilishi, ujumbe kwamba mawimbi yamepita kiwango humaanisha kwamba tarakilishi inatuma picha ambayo skrini haiwezi kuionyesha. Tarakilishi ianzishwe katika hali salama, kisha ukubwa wa picha urudishwe hadi ule wa asili wa skrini, kwa mfano 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Ukubwa huo wa asili ndio pia dawa ya maandishi yenye ukungu. LCD ina idadi maalumu ya nukta, na inapolazimishwa kuonyesha ukubwa mwingine, maandishi hupoteza makali.

MISTARI NA RANGI ZILIZOPOTOKA

Mstari mmoja mwembamba wa wima usiotoweka, na ambao unaonekana hata kwenye menyu, kwa kawaida hutokana na tepe za waya zilizobandikwa pambizoni mwa kioo, au na njia za umeme zilizo ndani ya kioo chenyewe. Tepe hizo haziwezi kulehemiwa kwa chuma cha kawaida. Huhitaji mashine ya kubandika kwa joto na shinikizo. Fundi anayeahidi kuondoa mstari kwa kuminya ukingo wa kioo au kuchomeka kipande cha karatasi anatoa nafuu ya siku chache.

Nusu nzima ya skrini ikipotea, au picha yote ikiwa kama ya filamu ya kamera iliyogeuzwa rangi, huenda kosa ni la bodi ndogo inayokiamuru kioo au tepe inayoiunganisha na bodi kuu. Hapa pana matumaini zaidi. Wakati mwingine tatizo huisha kwa kutoa tepe hiyo, kuisafisha na kuirudisha. Katika maeneo ya Pwani kama vile Mombasa, Malindi na Lamu, hewa yenye unyevu na chumvi hushambulia viungio vya aina hii, na fundi anafaa kuvisafisha kwanza kabla ya kuagiza kipuri chochote.

Kwa kipakatalishi, kifuniko kifunguliwe na kufungwa polepole huku skrini ikitazamwa. Mistari ikija na kutoweka kadiri kifuniko kinavyosogea, kebo inayopita katika bawaba imechakaa. Kebo hiyo ni nafuu mno ikilinganishwa na kioo. Skrini ya kipakatalishi ikizimika yenyewe, iangaliwe pia kama pana sumaku karibu, kwa kuwa vingi hutumia sumaku kutambua kifuniko kimefungwa.

Kipakatalishi kikiwa na kioo cheusi ilhali kinasikika kikifanya kazi, kiunganishwe na runinga kwa kebo ya HDMI. Picha ikionekana huko, faili zote ziko salama na kasoro ni ya skrini au kebo yake. Picha ikikosekana pande zote mbili, kosa huenda liko katika bodi ya tarakilishi. Katika Windows 10 na 11, vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B vikibonyezwa kwa pamoja huianzisha upya programu inayosimamia picha, na mara nyingine hilo pekee hutosha.

NUKTA ZILIZOKUFA NA ZILIZOKWAMA

Skrini yenye ukubwa wa 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila pikseli ina vijisehemu vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Hivyo ni vijisehemu zaidi ya milioni sita, kila kimoja kikiwa na swichi yake ndogo. Si ajabu kimoja kiharibike.

Nukta iliyokufa hubaki nyeusi daima, na hakuna programu inayoweza kuifufua. Nukta iliyokwama hubaki na rangi moja. Hiyo huenda ikarejea hali ya kawaida ikibadilishiwa rangi kwa kasi kwa muda wa dakika kadhaa au saa chache, kazi inayofanywa na programu zinazopatikana bila malipo. Kuiminya kwa kidole au kalamu ni kubahatisha, kwani shinikizo hilo huweza kuongeza nukta mbovu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-307 cha mwaka wa 2008 kiliainisha skrini katika madaraja kulingana na idadi ya kasoro za pikseli zinazokubalika. Kwa sababu hiyo, mtengenezaji anaweza kukataa kubadilisha skrini yenye nukta moja mbovu. Dawa ni kuikagua dukani kabla ya kulipa. Skrini ionyeshwe rangi tupu moja baada ya nyingine: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika tano.

Kivuli cha picha kinachobaki baada ya kituo kubadilishwa, mathalani nembo ya kituo cha habari, katika LCD mara nyingi huwa cha muda. Skrini ikiachwa ikionyesha picha zinazosogea au nyeupe tupu kwa saa kadhaa, kivuli hicho hufifia.

KIOO KILICHOPASUKA

Nyufa mithili ya utando wa buibui, au doa jeusi linalofanana na wino uliomwagika, ni dalili kwamba vioo viwili vinavyoshikilia fuwele kiowevu vimevunjika. Nafasi iliyo kati ya vioo hivyo ni elfu chache tu za milimita, na hufungwa kiwandani katika mazingira yasiyo na vumbi. Hakuna fundi wa mtaani anayeweza kuvifungua na kuviziba upya. Gundi haisaidii.

Kwa runinga, kioo kipya hugharimu pesa nyingi kiasi kwamba kununua runinga nyingine huwa nafuu zaidi. Kwa vipakatalishi hali ni tofauti: vioo vyake hupatikana kwa urahisi na kuvibadilisha huwa na maana. Kwa simu, mteja na apambanue kioo cha juu na skrini iliyo chini yake. Picha ikiwa safi na kidole kikiitikiwa, huenda kilichopasuka ni kioo cha juu pekee, ingawa katika simu nyingi viwili hivyo hubandikwa pamoja na kuuzwa kama kitu kimoja.

KINGA NI BORA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Skrini nyingi huuawa na umeme unaopanda na kushuka, hasa dakika ile unaporejea baada ya kupotea. Umeme ukipotea, plagi ing'olewe na isirudishwe hadi umeme utulie. Kifaa cha kulinda runinga, chenye uwezo wa kuchelewesha umeme kwa dakika chache na kuukata unapozidi kiwango, bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya bodi. Wakati wa radi, kebo ya antena nayo itolewe.

Anayenunua runinga iliyotumika kutoka ng'ambo na asome kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa volti 100 hadi 240, kifaa kinafaa nchini. Kikiandikwa volti 110 au 120 pekee, kitaungua pindi kitakapochomekwa bila kibadilishi umeme.

Matundu ya hewa yasizibwe kwa vitambaa vya mapambo. Joto likizuiwa ndani, kapasita na taa huchakaa mapema. Mende na sisimizi nao hupenda ujoto huo, na miili yao huweza kuunganisha njia za umeme zisizostahili kuunganishwa. Chakula kisiwekwe karibu na runinga.

Skrini isafishwe ikiwa imezimwa na kupoa, kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Madoa sugu yafutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa. Maji yasinyunyizwe moja kwa moja, kwani hutiririka hadi ukingo wa chini na kuziharibu tepe. Dawa za kusafishia madirisha zenye amonia, petroli na vimiminika vya kuondolea rangi ya kucha huharibu utando wa juu wa skrini.

Wakati wa kuhama, runinga isafirishwe ikiwa imesimama wima, kioo kikiwa kimekingwa. Runinga iliyolazwa chini ya mizigo kwenye gari huwasili ikiwa imepasuka.

KUMCHAGUA FUNDI

Jijini Nairobi, barabara ya Luthuli inajulikana kwa maduka ya vifaa vya elektroniki na mafundi wake, na kila mji una mtaa wake wa aina hiyo. Fundi mwema hupima kabla ya kutaja bei. Hueleza ni sehemu ipi kati ya zile nne iliyoharibika na jinsi alivyoitambua. Hukubali kurudisha kipuri kilichoondolewa, na huandika muda wa dhamana kwenye stakabadhi.

Mwenye kifaa naye ana wajibu. Na aandike nambari kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, kwa kuwa runinga mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa na bodi na taa tofauti. Na aeleze dalili kwa utaratibu: lini ilianza, kama sauti ipo, tochi ilionyesha nini, na menyu ilionekanaje. Iwapo kifaa bado kina dhamana ya duka, kisifunguliwe na mtu mwingine, la sivyo dhamana hiyo huweza kubatilika.

Kanuni rahisi ya kuamua ni kulinganisha. Gharama ya ukarabati ikipita nusu ya bei ya kifaa kipya cha kiwango hicho, ni vyema kufikiria upya. Ikiwa chini ya robo, kwa kawaida ukarabati una faida.

Skrini isiyofaa tena haipaswi kuchomwa wala kutupwa jaani. Mirija ya floresenti katika skrini za zamani ina kiasi kidogo cha zebaki, ambayo ni sumu, na plastiki zake hutoa moshi wenye madhara. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawabebesha pia watengenezaji na waagizaji wajibu kuhusu taka zinazotokana na bidhaa zao. Fundi huweza kuinunua kwa ajili ya vipuri, kwa kuwa bodi nzima ya runinga yenye kioo kilichopasuka huweza kuifufua nyingine ambayo kioo chake kingali kizima.